Makasia si mikono
Pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, ukisema chuo kinaunda timu ya wasichana wa makasia, utaambiwa, "Watafutwe wenye mikono minene." Kosa linaeleweka: mvuvi hukaa kwenye ubao usiosogea, basi hutegemea mikono na kiuno. Boti ya mashindano ni kitu kingine. Kiti kina magurudumu, viatu vimefungwa humohumo. Binti anakunja magoti, kasia linazama, anasukuma kwa miguu. Mgongo unafuata, mikono inamalizia tu. Kwa hiyo kocha mjanja huangalia mapaja, urefu na pumzi (mimi ningeanzia uwanja wa netiboli). Makasia ya wanawake yaliingia Olimpiki mwaka 1976 kwa mita 1,000. Leo ni 2,000.