Jua linachemka juu, ndo maana hesabu zetu zinagoma

Wanafunzi wangu hapa Mbeya wakisikia nafanyia kazi mitetemo ya Jua wanauliza, kwani Jua nalo linatetemeka? Linatetemeka muda wote jamani. Mwaka 1960 Robert Leighton na wenzake kule Marekani waliona uso wake unapanda na kushuka kila dakika kama 5 hivi, na miaka ya 70 ikaja kueleweka kwamba ni mawimbi ya sauti yamenaswa ndani, yakifika juu yanarudishwa chini.

Sasa nani anayaamsha? Kule kuchemka. Asilimia kama 30 ya nje ya Jua joto linabebwa na gesi yenyewe, ya moto inapanda, iliyopoa inazama, na usoni unaona mapovu ya kilomita kama 1,000 kwa upana, kila moja linaishi dakika 10 hivi limeshapotea. Gesi inakimbia kilomita kadhaa kwa sekunde, sehemu nyingine inakaribia kasi ya sauti ya palepale. Ni fujo tupu, kama mvua ya Tukuyu kwenye bati, tone halijui lenzake limeangukia wapi ila bati linalia mlio wake. Na fujo hiyohiyo ndo inayoyazima mawimbi, wimbi la dakika 5 linadumu siku chache tu.

Utamu uko hapa. Modeli zetu za kawaida, yaani hesabu za kompyuta za jinsi Jua lilivyo, zinaichukulia gesi ya juu kama imetulia, wakati mwendo wake wenyewe unasukuma, karibu na uso ni kama sehemu moja ya kumi ya presha yote, kwa hiyo tabaka la nje linavimba kidogo, wimbi linapata nafasi kubwa zaidi na frikwensi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inashuka. Ndo maana modeli inatoa frikwensi kubwa kuliko tunazopima, kwenye mawimbi ya frikwensi kubwa tofauti inafika maikrohezi 10 na zaidi (maikrohezi 1 ni mtetemo mmoja kwa sekunde milioni moja), na vipimo vyetu vinaona hata chini ya 1! Mawimbi ya frikwensi ndogo yakipanda yanageuka yakiwa bado chini zaidi ya uso, fujo haiyagusi sana.

Ukitoa tabaka la juu la modeli ukaweka simulesheni ya 3D, yaani kuigiza kule kuchemka kwenye kompyuta, sehemu kubwa ya tofauti inaisha. Inayobaki ndo ngumu, maana wimbi nalo likipita linaitikisa ile fujo, na fujo inajibu kwa kuchelewa. Kwa nyota nyingine wapo wanaotumia tu masahihisho yaliyopimwa kwa Jua, mi kwa nyota zinazofanana nalo sina neno, ila kwa majitu mekundu, nyota zilizozeeka zikavimba, yanayochemka kivingine kabisa, masahihisho hayo siyaamini.