Je, wajua kwa nini ini hujitengenezea sumu ukimeza panadol?

Ingia duka lolote la dawa Kampala, sema una homa, utapewa panadol kwenye kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "2x3": vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Kila kidonge kikiwa na miligramu 500, hiyo ni gramu 3 za parasetamo, dawa yenyewe iliyomo ndani ya panadol. Mtu mzima mwenye afya huruhusiwa hadi gramu 4 kwa saa 24. Ajabu ni kwamba hata kwa kipimo hicho halali, sumu kidogo huzaliwa, na anayeizaa ni ini lenyewe.

Inakuwaje? Dawa ikishanyonywa utumbo, damu huipitisha kwanza kwenye ini kabla haijasambaa mwilini. Huko vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, huibandika kipande cha aina ya sukari au salfeti ili iyeyuke vizuri majini, kisha figo huitoa kwa mkojo. Sehemu kubwa ya panadol huishia hivyo, salama salimini. Ila asilimia 5 hadi 10 hivi huangukia kimeng'enya kingine, CYP2E1, nacho huigeuza kuwa NAPQI, kemikali kali inayonasa kwenye protini za seli na kuziua.

Mbona basi hatudhuriki? Seli za ini zina akiba ya glutathioni, ambayo huidaka NAPQI papo hapo na kuizima. Akiba hiyo hujazwa kila mara, lakini si ya kuchezea. Vidonge vikizidi, akiba hukauka, na ini huanza kufa. Linalonitisha mimi ni ukimya wake: siku ya kwanza mtu husikia kichefuchefu tu, pengine hasikii lolote.

Mnywaji wa waragi wa kila siku yuko hatarini zaidi, maana pombe huongeza CYP2E1. Mgonjwa wa malaria ambaye hajatia kitu mdomoni kwa siku mbili naye akiba yake imepungua. Halafu kuna dawa za mafua: nyingi zina parasetamo ndani, hivyo mtu humeza dozi mbili akidhani ni moja. Kibahasha hakisemi, na wachache huuliza.

Hospitalini aliyezidisha hupewa N-asetilisisteini, malighafi ambayo ini huitumia kuunda glutathioni upya. Hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza vidonge, wakati ambapo wengi bado wanajiona wazima. Kwa hiyo aliyezidisha apelekwe hata kama anacheka na kula.