Wekundu wa stroberi si damu: yanayosemwa kuhusu stroberi na forosadi, na ukweli wake

Dhana: Tunda jekundu linaongeza damu.

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu kuliko zote, kwa hiyo tuanze nayo. Mjamzito akipimwa kliniki na kuambiwa damu iko chini, majirani humshauri anywe juisi nyekundu: ya rozela, ya bitiruti, na siku hizi ya stroberi. Kenya kuna hata tunda linaloitwa matunda damu, na kwa wengi jina hilo limekuwa ushahidi tosha.

Wekundu wa stroberi na weusi wa forosadi hutokana na rangi za mimea ziitwazo anthosayanini, ambazo hazina chuma. Mwili unahitaji madini ya chuma ili utengeneze damu. Gramu 100 za stroberi, yaani kama nane za wastani, zina chuma takriban miligramu 0.4. Forosadi zina nafuu, karibu miligramu 1.9. Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe uone ni ndoo ngapi hizo.

Hata hivyo stroberi ina msaada wa kweli kwa mwenye upungufu wa damu, ila kwa njia nyingine. Gramu 100 zina karibu miligramu 59 za vitamini C, juu kidogo ya chungwa. Chuma cha maharage, kunde na mchicha ni kigumu kufyonzwa, na vitamini C hukiweka katika hali ambayo utumbo unaweza kukichukua. Sharti ni kwamba vikutane tumboni. Stroberi ya saa nne asubuhi haisaidii maharage ya saa mbili usiku. Ziweke pembeni ya sahani, au zile mara tu baada ya chakula. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji kabla ya kupika, maana yana viambato vinavyozuia chuma. Chai nayo isubiri angalau saa moja baada ya kula, kwa sababu tanini zake hukikamata chuma kabla mwili haujakipata.

Vidonge vya chuma na asidi ya foliki ulivyopewa kliniki viendelee kama ulivyoelekezwa. Damu ikipungua kwa malaria, safura au selimundu, hakuna tunda linalotibu chanzo hicho. Na pale stroberi zinapouzwa ghali, usijitese: pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya stroberi kwa uzito uleule, na sokoni halifiki bei hiyo.

Dhana: Zikiwa na weupe zitaivia nyumbani.

Embe na ndizi huiva baada ya kuchumwa. Stroberi haziivi. Huenda zikakolea rangi kidogo, lakini sukari ilikuwa inatoka kwenye mmea, na ukishakata kikonyo imekatika. Kwa hiyo chagua zenye wekundu uliofika hadi chini ya vijani vyake, vijani viwe bado vibichi, na harufu uisikie kabla hujainama. Kisha pindua kile kikasha uangalie chini. Ukiona doa la maji mekundu, zilizolaliwa zimeshapondeka.

Forosadi nyeusi ni rahisi kuzisoma: tandika kanga kuukuu chini ya mti, tikisa tawi taratibu, na zilizoiva zitaanguka zenyewe. Zinazong'ang'ania ziache. Mbichi zina utomvu mweupe unaoweza kuvuruga tumbo.

Dhana: Ukifika nyumbani, zioshe zote kwa sabuni.

Hapa makosa ni mawili. Stroberi hunyonya, na sabuni haikutengenezwa ili iliwe. Pia unyevu unaobaki juu yake huamsha ukungu wa kijivu, na kesho yake utakuta manyoya. Zihifadhi kavu kwenye friji, juu ya kitambaa au karatasi ya jikoni, bila kuzirundika. Osha zile tu unazokula sasa, kwa maji baridi yanayotiririka, vijani vikiwa bado juu. Ukivitoa kwanza, maji machafu huingia ndani kupitia lile tundu.

Dhana: Kata palipo na ukungu, pengine pazima.

Kwa karoti ngumu, sawa. Tunda laini lenye maji mengi hivi hupenywa na nyuzi za ukungu mbali kuliko jicho linavyoona. Litupe lote, kagua yaliyoligusa, na yaliyo mazima yaliwe siku hiyohiyo.

Dhana: Mwenye kisukari asiziguse.

Gramu 100 za stroberi zina sukari kama gramu 5. Ndizi ina kama 12. Nane nzima kwa mlo mmoja kwa kawaida si tatizo. Tatizo huja kwenye blenda, pale vijiko vitatu vikubwa vya sukari, takriban gramu 36, vinapoingia kwenye glasi moja.

Dhana: Zikigandishwa faida imekwisha.

Kinachoipunguza sana vitamini C ni moto wa jemu na kukaa siku nyingi. Kugandisha huihifadhi vizuri. Osha, kausha kabisa, toa vijani, panga kwenye sinia zisigusane, weka kwenye friza hadi ziwe ngumu, kisha ndipo utie mfukoni na ubane hewa itoke. Ukiruka hatua ya sinia utapata jiwe moja jekundu lisilopimika. Lakini friza haiui virusi: mwaka 2012 nchini Ujerumani, stroberi zilizogandishwa zenye virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha, ziliwafanya waugue watu takriban 11,000, wengi wao watoto wa shule. Mikono na maji ya kuoshea viwe safi kabla ya kugandisha.