Kikombe chenye alama: je, lukemia ya watoto huletwa na maambukizi?

Wodini kwetu palikuwa na mama aliyekitia kikombe cha mwanawe alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ili wadogo zake wakija kumtazama wasikinywee. Mtoto ana miaka minne, na lukemia yake, yaani saratani ya damu, ni ile inayowapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, hii haiwezi kuwapata wenzake?" Nikamwambia hapana, mama, haiambukizi. Ninachohofia mimi ni mafua ya wadogo zake yampate yeye wakati dawa zimeshusha kinga yake, si ugonjwa wake uwapate wao.

Jibu ni sahihi, lakini nilipotoka nikaona sijamtendea haki. Swali lake limewahangaisha watafiti kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908, huko Copenhagen, watafiti Ellermann na Bang walionyesha kuwa lukemia ya kuku inahamishika kutoka kuku mmoja hadi mwingine kwa majimaji yaliyochujwa mpaka yakaisha seli. Mwaka 1964 mtafiti William Jarrett wa Glasgow akakipata kirusi cha lukemia ya paka. Basi kila mtu akatarajia cha watoto nacho kitafuata. Kimetafutwa sana, hakijapatikana.

Hata hivyo ramani ya wagonjwa haikutulia. Mwaka 1983 televisheni moja ya Uingereza ilitangaza kwamba Seascale, kijiji kilicho pwani karibu na mitambo ya nyuklia ya Sellafield, kina watoto wengi mno wenye lukemia. Tume ya uchunguzi ya Sir Douglas Black ikathibitisha mwaka 1984 kwamba idadi ni kubwa kuliko kawaida, ila mionzi iliyotoka haikutosha kuieleza. Mwaka 1990 mtafiti Martin Gardner akawageukia akina baba: huenda mionzi waliyopata kazini iliharibu mbegu zao. Dhana hiyo nayo ikapwaya, maana watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki hawakuonyesha ongezeko la namna hiyo.

Hapa nipenyeze tahadhari. Mwaga kibaba cha kunde kwenye mkeka. Hazitatandaa sawasawa, mahali fulani zitajazana, pengine pabaki patupu. Ukichukua chaki ukazungusha duara pale zilipojazana, kisha ukaanza kutafuta kilichozivuta, utakipata tu, kwa kuwa kila kijiji kina mnara, kiwanda au kisima cha kulaumiwa. Nyingi ya tetesi za "mtaa wetu una saratani" ninazoletewa ni kunde za aina hiyo. Seascale ni miongoni mwa zile chache ambazo bahati peke yake haizielezi vizuri.

Mtafiti Leo Kinlen alifanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu zaidi katika kisa chote. Badala ya kuzunguka mitambo ya nyuklia, alijiuliza ni wapi kwingine wageni wengi wamehamia ghafla mahali palipojitenga. Akaenda Glenrothes, mji mpya wa Uskoti uliojengwa mashambani, usio na nyuklia yoyote, na mwaka 1988 akaripoti ongezeko la lukemia ya watoto huko pia. Baadaye akaangalia visiwa vya Orkney na Shetland, ambako wanajeshi walimiminika wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sehemu zilizopokea wafanyakazi wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Picha ikajirudia. Maelezo yake ni haya: wageni wanakuja na vijidudu vyao, wenyeji hawajawahi kukutana navyo, na maambukizi ya kawaida yanasambaa kimyakimya. Wengi hawaugui kitu. Mtoto mmojammoja ndiye anayeishia kwenye lukemia.

Mtafiti Mel Greaves wa London anakubali kwamba maambukizi yanahusika, ila anasema tusitafute kijidudu kimoja maalumu. Ushahidi wake bora ni mapacha wa kufanana. Wakitumia kondo moja tumboni, seli yenye kasoro iliyozuka kwa mmoja huvuka kwa damu ikakaa kwa mwenzake. Wanazaliwa wote wawili wakiwa na mbegu ya ugonjwa, lakini mmoja akiugua akiwa na miaka mitatu au minne, mara nyingi mwenzake habanduki kwenye mpira wake, mzima. Kwa hiyo kasoro ya kuzaliwa nayo haitoshi; lazima kitokee cha pili. Greaves anaona cha pili ni kinga ya mwili kupaparika inapokutana na maambukizi kwa kuchelewa, kwa mtoto ambaye mwaka wake wa kwanza ulikuwa safi kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikuta watoto waliopelekwa vituo vya kulelea wakiwa wachanga wanapata lukemia kwa nadra kuliko waliobaki nyumbani. Na tafadhali, mzazi asisome hapa kwamba alikosea kumlinda mwanawe.

Mwenye shaka kwamba kirusi cha kila mtu kinaweza kuzaa saratani kwa wachache atazame Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliona uvimbe wa mataya kwa watoto, akaufuatilia kwa gari Afrika Mashariki na Kusini mwaka 1961, na ramani yake ikaishia pale mbu wa malaria wanapoishia. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Karibu sote tunacho kirusi hicho. Malaria ya kila mara ndiyo inayokipa nafasi.

Kuhusu lukemia yenyewe, ramani ya kwetu ina weupe mwingi, yaani wagonjwa walioandikwa ni wachache, na weupe huo siuamini. Huenda watoto wetu wanakutana na vijidudu mapema na hivyo wanaopata lukemia ni wachache. Huenda pia wanakufa kabla ya kuhesabiwa: mtoto amepauka, ana homa isiyokatika, fizi zinatoka damu, usiku analia miguu inamuuma, na kwenye daftari inaandikwa malaria na upungufu wa damu. Yule wa kikombe chenye alama nyekundu alimaliza dozi tatu za malaria kabla ya mtu kuagiza kipimo cha picha kamili ya damu.