"Usijali Kocha, Mimi Naogelea": Dhana Zinazonichosha Kila Msimu wa Kusi

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena. Kijana mmoja, mabega mapana, anaburuta katamarani, boti ya tanga yenye miguu miwili inayoelea, kuingia majini, bendera za mashindano zinapigwa na upepo mpaka zinalia, na jaketi lake la kuokolea kaliacha mchangani pamoja na kandambili. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza babu yake: "Usijali kocha, mimi naogelea."

Nimekaa kwenye boti ya uokozi upande huu wa Msasani, Dar es Salaam, misimu mingi. Nimefundisha wanafunzi, wahasibu, watalii, hata wavuvi wa ngalawa, ingawa hao mara nyingi ndio walionifundisha mimi. Dhana ni zilezile mwaka hadi mwaka. Nyingi nazijibu huku nikitembea. Hii ya kuogelea hunifanya nisimame.

Dhana: ukijua kuogelea, kupinduka si hatari

Kwenye katamarani ndogo, suala si kama utaelea. Suala ni kama utaifikia boti yako tena.

Watu wanadhani boti iliyopinduka inabaki palepale ikikungoja. Mtumbwi uliojaa maji utakungoja, ndiyo. Katamarani haingoji. Ikilala ubavu, ile trampolini, turubai mnalokalia, inasimama wima kama ukuta juu ya maji, na upepo unaisukuma kama tanga la pili. Chini hakuna cha kuizuia. Hobie 16, ambayo ndiyo wengi wetu tunaanza nayo, haina mkuku, ule uti wa chini ya boti, wala ubao wa kushusha majini. Ni kilo 145 za boti nyepesi yenye urefu wa mita 5, na kusi likiipata hivyo, inaondoka.

Sasa piga hesabu. Mtu anayeogelea vizuri, kwenye bwawa, bila wimbi, humaliza mita 100 kwa dakika 2. Hiyo ni kilomita 3 kwa saa, polepole kuliko bibi anayekwenda sokoni. Mvike nguo za baharini na mkanda wa kuning'inia nje ya boti kwa waya, mpe wimbi la usoni kila sekunde chache, mwongezee hofu. Nimewaona waogeleaji wa kweli, watu wenye medali za shule, wakiifukuza boti yao mita tano mbele, kisha kumi, kisha thelathini. Hawazami. Wanachoka. Mtu aliyechoka katikati ya mawimbi bila jaketi, huyo ndiye ninayemtafuta kwa macho mpaka yananiuma, kwa sababu kichwa cha binadamu kwenye bahari yenye povu ni kitu kidogo mno. Boti iliyopinduka naiona kutoka mbali. Kichwa sikioni.

Wazee walishasema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Hawakuwa wakimsema mtu asiyejua kuogelea.

Kwa hiyo fundisho langu la kwanza, kabla hata sijamwonyesha mtu usukani: unapoanguka, mkono wako uwe tayari umeshika demani. Kamba ya tanga kubwa, ileile uliyokuwa ukiivuta. Usiiachie mpaka ushike kitu kingine cha boti. Msimu mmoja walipinduka wawili, nahodha na baharia wake. Baharia aliruka mbali ili asiangukie tanga, akaachia kila kitu. Nahodha alishika demani. Tulipofika, nahodha alikuwa ameketi juu ya boti akitukana, na mwenzake alikuwa nyuma mita mia na zaidi, akiogelea kwa mtindo mzuri sana, akielekea mahali ambapo boti haikuwepo tena. Alikuwa na jaketi, ndiyo maana nasimulia nikicheka.

Dhana hii ina pacha wake: "Ufuo uko pale, naufikia." Juu ya maji macho hudanganya. Mnazi unaoonekana karibu unaweza kuwa kilomita mbili, na mkondo haukuulizi unataka kwenda wapi. Mchana, kusi likivuma, angalau linakusukuma kuelekea Mbezi na Kunduchi. Lakini asubuhi na mapema, umande, ule upepo wa asubuhi, ukitoka bara, kinachoondoka kinaondokea baharini. Ndiyo maana siwapendi wanaojifunza peke yao saa 12 asubuhi "kwa sababu bahari imetulia". Kaa na boti. Hata ikigeuka kabisa mlingoti chini, panda juu yake ukae. Miguu yake miwili ina hewa ndani; itakubeba siku nzima.

Na kuinua boti si kazi ya misuli, ingawa kila mwenye misuli hudhani hivyo. Kwanza legeza demani zote mbili, ya tanga kubwa na ya tanga dogo, la sivyo utainua boti ikimbie bila wewe au ipinduke upande wa pili. Kisha mmoja asogee omo, yaani mbele ya boti, asimame kwenye mguu wa boti ulio majini. Uzito wake utaizamisha omo kidogo, tezi, yaani nyuma, itasukumwa na upepo, na omo yenyewe itaelekea upepo. Hapo ndipo urushe kamba ya kuinulia juu ya mguu wa juu, mkaegemee nyuma wote wawili mpaka migongo ikaribie maji. Subirini. Tanga limejaa maji, lazima yatoke. Wanafunzi wangu huacha sekunde tano kabla haijainuka, wakaniambia haiwezekani. Mlingoti ukishatoka majini, upepo unaingia chini ya tanga na kumalizia kazi. Ikianza kushuka, chunga kichwa, shika boriti ya mbele, usiruhusu iondoke.

Wepesi wana shida ya kweli hapa. Wawili wenye miili midogo wanaweza kuning'inia mpaka jioni. Mfuko mkubwa uliojazwa maji, ukabebwa mgongoni, huongeza uzito. Au mpigie mkono mtu wa boti ya uokozi anyanyue ncha ya mlingoti. Hakuna aibu.

Kila mwanafunzi wangu hupinduka makusudi siku ya pili. Wananinung'unikia. Wazazi wamewahi kunipigia simu. Sibadilishi.

Dhana: ina miguu miwili, haipinduki

Inakaa imara, kweli, mpaka mguu wa upande wa joshini, unakotoka upepo, utoke majini. Pale ndipo nguvu yake ya kusimama iko juu kabisa. Ukiendelea kuinuka, nguvu inapungua badala ya kuongezeka. Mashua yenye mkuku mzito ikilazwa hutaka kurudi. Katamarani ikishapinduka haitaki chochote. Kichwa chini inakaa imara vilevile kama kichwa juu. Waulize watu wa ngalawa. Wana mirengu, yale mabawa ya mbao, pande zote mbili na bado baharia hupanda juu ya mrengu kuzuia upepo, tena kabla hajaambiwa.

Dhana: "Kilomita 40? Bajaji inakwenda zaidi"

Huyu naye. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, watu wanasoma namba kama ya barabarani. Msukumo wa upepo hauongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Uliyeshinda jana kwenye kilomita 20, leo kwenye 40 unabeba tanga lenye nguvu za matanga manne. Na angalizo halihesabu dharuba inayoshuka ghafla kutoka nyuma ya kisiwa. Karibu na Bongoyo nimeona boti tatu zikilala kwa pamoja kama zimepangwa.

Dhana: kubisha ndiyo hatari, ukipewa upepo wa nyuma umepumzika

Kinyume chake. Unapobisha, yaani unapopanda kuelekea upepo, dharuba ikija unalegeza demani au unaelekeza omo kwenye upepo, na boti inapoa. Ukienda na upepo, unakimbia nao, hivyo husikii ukali wake wote. Unadhani umetulia. Kisha omo ya upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, inachimba nyuma ya wimbi, boti inasimama ghafla, tezi inapanda angani na baharia anazungushwa kwenye waya wake kama mpira wa kamba mpaka mbele ya mlingoti. Nyote wawili rudini nyuma kabisa, miguu yenu karibu na usukani. Mahali pabaya kuliko pote ni pale mnapozunguka boya la juu, lile la upande unakotoka upepo, kutoka kubisha kwenda na upepo. Katikati ya kona hiyo upepo unawapiga ubavuni na hakuna pa kukimbilia. Pitisheni kona upesi, tanga likilegezwa huku mnageuka. Anayesita hapo ndiye ninayekwenda kumwokota.

Dhana: upepo mkali, legeza kila kitu

Demani ndiyo, dharuba inapokuja. Lakini nawaona wanatoka ufukweni na ile kamba inayovuta tanga kwenda chini ya mlingoti imelegea, eti wanapunguza nguvu. Tanga lililolegea lina tumbo, na tumbo ndilo linalobeba upepo. Siku ya upepo vuta kamba hiyo mpaka tanga liwe bapa kama godoro la hosteli.

"Kamati imeanzisha mbio, maana yake ni salama." Hapana. Kanuni za mashindano ya matanga zinasema wazi kwamba uamuzi wa kuingia mbioni au kuendelea ni wa boti yenyewe. Kamati ikipandisha bendera Y, ile ya mistari mishazari ya njano na nyekundu, jaketi ni lazima. Isipopandishwa, jaketi ni akili. Na anayeona mwenzake yuko hatarini lazima amsaidie, hata kama alikuwa anaongoza.

Kuhusu aina ya jaketi, msiniletee lile la feri, la chungwa, linalomfanya mtu atembee kama kobe. Msiniletee pia lile linalojijaza hewa lenyewe: likifumuka ukiwa chini ya tanga, litakubana hukohuko. Kwa katamarani tunavaa la nyutoni 50, kipimo cha nguvu yake ya kuelea, jembamba, linaloruhusu kuzama kidogo na kutoka. Halitakugeuza uso juu ukizimia, ndiyo maana lazima pawepo boti ya uokozi. Na likae limefungwa. Jaketi lenye zipu wazi hupanda mpaka masikioni.

"Maji yetu ni ya moto, hakuna baridi." Agosti bahari hapa ni nyuzi 25 hivi, mwili wako ni 37, na maji hunyonya joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa. Saa moja majini, ukitolewa kwenye upepo ukiwa umelowa, meno yatagongana. Nimewafunika vijana wenye misuli kwa khanga za mama lishe.

La mwisho ni kisu, ambacho kila mtu huniambia ni mbwembwe. Ndoano ya mkanda wako ikinasa kwenye kamba na wewe uko chini ya trampolini, hakuna atakayekufungulia. Kiwe kidogo, cha ncha butu, kimefungwa kwa uzi kwenye jaketi, mahali ambapo mkono wowote unafika. Msimu uliopita niliazimisha vitatu na sijarudishiwa hata kimoja, kwa hiyo mwaka huu kila mtu aje na chake.