Seva haina kosa, mkeka wenu ndio mzito

Jana nimekaa Mkunguni, hapa Lamu, kahawa haijapoa, simu ikalia. "Ami, shikamoo. Ile ramani imekwama tena. Bosi anauliza tuongeze RAM kiasi gani?"

Marahaba. Ongezeni sifuri. RAM ni kumbukumbu ya kazi ya seva, na tatizo haliko huko.

Hii ni mara ya nne mwaka huu, na kila mara ni ofisi nyingine yenye kisa kilekile. Mosaiki ya mji wa kale, yaani picha nyingi za droni zilizounganishwa kuwa moja, ikatupwa kwenye GeoServer, programu ya kutoa ramani mtandaoni, bila mtu kuichungulia, na ramani ilipokwama seva ikabebeshwa lawama. Kuna waliofika hadi kununua mashine mpya. Ramani ikahamia mashine mpya, ikakwama huko.

Haya, tuhesabu. Picha ya pikseli 40,000 kwa 40,000, rangi tatu, baiti moja kwa kila rangi, ni GB 4.8 kabla ya kubanwa. Aliyekaa na bibi yake akisuka mkeka anajua kwamba mkeka hausukwi mraba mraba. Husukwa ukili mrefu, kisha kili zikashonwa ubavu kwa ubavu. GeoTIFF, faili la picha lenye kujua mahali pake duniani, isipopangwa vigae (vipande vya mraba) ndiyo hivyo: mstari wa pikseli toka ukingo hadi ukingo, kisha wa pili, kisha wa tatu. Sasa mtu anakuza ramani aone paa la nyumba yao Langoni. Kivinjari kinaomba kigae cha 256 kwa 256, yaani baiti 196,608 tu. Seva haichomoi kipande katikati ya ukili, hasa faili likiwa limebanwa. Inavuta kili 256 nzimanzima, kila moja baiti 120,000. MB 30.7 zimesomwa ili ipatikane MB 0.2! Na skrini moja ina vigae ishirini na kitu.

Akirudi nyuma aone picha yote kwa upana wa pikseli 800, hata seva ikijanjaruka na kuchukua ukili mmoja katika kila hamsini, hizo ni kili 800, MB 96. Na picha yenyewe inatoka chafu, mapaa ya makuti yamekuwa chengachenga za mchele.

Sitasema uongo kuhusu RAM. Ikizidi ukubwa wa faili, safari ya pili ramani hufunguka upesi, kwa kuwa mfumo umeshaliweka faili kichwani. Ndiyo sababu imani hii haifi. Bosi anafungua mara ya pili, anaona imepona, anasaini hundi. Yule wa Faza anayefungua mara ya kwanza kwa simu, mtandao wenyewe wa kubahatisha, hakuna anayemuuliza.

Dawa ni amri mbili za GDAL, zana ya kuchakata picha za ramani. gdal_translate yenye TILED=YES, upate vigae badala ya kili; kigae kimoja cha ramani sasa kinagusa vinne vya faili kwa kawaida, chini ya MB moja. Kisha gdaladdo, inayotengeneza piramidi, yaani nakala ndogondogo za picha, kwa ngazi za 2, 4, 8, 16, 32, na ile picha ya 40,000 unakuwa na nakala yake ya 1,250 tayari. Piramidi hizo huongeza faili kwa thuluthi hivi. Robo, na robo ya robo, na kuendelea, jumlisha mwenyewe. Na msiniambie "kache itatusaidia". Kache, ghala la vigae vilivyokwisha kuchorwa, hujazwa kutoka faili hilohilo.

Hapa sasa ndipo panaponiudhi, kwa sababu kosa nililifanya mimi. Piramidi huambiwa namna ya kupunguza pikseli. Picha ya droni, wastani ni sawa kabisa: nyeupe ya chokaa na kivuli cha kichochoro vinatoa kijivu, hakuna aliyedhurika. Lakini ramani ya matabaka si picha! Namba zake ni majina. Niliwahi kuchapisha ramani ya mikoko ya kando ya mlango wa Mkanda: 1 mikoko, 2 mashamba, 3 maji. Nikaweka wastani kwa mazoea. Moja na tatu, wastani wake mbili. Kila mkoko ulipokutana na maji, ukirudi nyuma kidogo, pakaota shamba! Utepe mzuri wa mashamba umeuzunguka mkondo wote, na mteja tayari anaandika barua kuuliza nani anafyeka mikoko. Ukikuza, mashamba yanatoweka. Nilipoteza siku mbili nikishuku GeoServer. Kwa matabaka tumieni nearest (pikseli ya jirani) au mode (ile iliyojirudia zaidi), na hapa sina mjadala.

Karatasi za zamani za vipimo 1:50,000 ni habari nyingine. Ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ardhi, namba 21037 katika orodha ya EPSG, si 32737 ya WGS 84, mfumo wa GPS. Ukidanganya hapo, Ngome ya Lamu inahama karibu mita 300 kuelekea kaskazini, na piramidi zako zitaionyesha huko kwa kasi ya ajabu.

Ukubwa wa kigae, 256 au 512? Mimi hutumia 512, na nikibanwa nieleze kwa nini, nasema ni mazoea. Nimepima mara nyingi. Leo 512 inashinda, kesho 256, na tofauti ni ndogo kuliko ile inayoletwa na umeme wa siku hiyo. Kubana kwa JPEG ya ubora 85 nako ni jicho langu tu, si kanuni. Nimeona vumbi kwenye chokaa nyeupe nilipoteremka zaidi.

Kijana nikampa amri zote mbili. Sijamaliza kikombe cha pili, simu tena.

"Ami, imefunguka! Hata ya bosi. Lakini mbona sasa picha ina fremu nyeusi, imefunika bahari yote mpaka Manda?"

Maski, ile safu inayoiambia ramani pikseli zipi ni tupu. Nimesahau kumwambia habari ya maski.