Padre Garcia na kisa cha Mhispania: kabla hujatuandikia

Maombi ya kurekebisha maelezo ya majina ya miji ya Ufilipino yameongezeka kwenye dawati letu, na mengi huja na kisa kilekile. Askari wa Kihispania alifika, akauliza jina la mahali, mwanakijiji akadhani anaulizwa habari za ng'ombe wake, akajibu, na jibu likaandikwa kuwa jina. Kisa kitamu, hatukatai. Lakini kinasimuliwa kuhusu miji chungu nzima, kinabadilishwa mnyama tu.

Padre Garcia, mkoani Batangas, ni mji unaojulikana nchini humo kwa mnada wa ng'ombe. Hapo awali ulikuwa sehemu ya Rosario, na mahali penyewe paliitwa Sambat, yaani njia panda. Hakuna fumbo: anayeswaga mifugo kwenda kuuza hutafuta mahali barabara zinapokutana. Mwaka 1949, kwa amri ya Rais Elpidio Quirino, mji ukatengwa na Rosario, ukapewa jina la Vicente García (1817–1899). Huyu alikuwa padri mzaliwa wa huko, aliyesimama kuitetea riwaya ya José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa wa Ufilipino, mapadri wa Kihispania walipoishambulia. Hakuwa tajiri wa ng'ombe, kama wengine wanavyotuandikia. Tumeshalijibu hili, tena kwa maandishi.

Wapo pia wanaotutaka "turudishe" jina la Sambat. Sisi hatubadilishi jina la mji wa watu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Ufilipino ya mwaka 1991 inataka baraza la mji lipendekeze, kisha baraza la mkoa liamue kwa kushauriana na tume ya taifa ya historia, kwa sababu ya msingi, na si zaidi ya mara moja katika miaka 10. Jina lenye uzito wa kihistoria, kiutamaduni au kikabila haliguswi bila kura za wajumbe wote wa baraza husika. Mji haupewi jina la mtu aliye hai. Hata baada ya yote hayo, wakazi wenyewe wasipoidhinisha kwa kura ya maoni, jina jipya halina nguvu. Mkoa wa Compostela Valley ulitungiwa na Bunge sheria ya kubadilisha jina, na bado wakazi walipiga kura Desemba 2019 ndipo ukaitwa Davao de Oro.

Kwa marekebisho ya maelezo, ambatisha nakala ya amri, ramani ya zamani au kitabu cha parokia, ukitaja mwaka na ukurasa. Simulizi za wazee tunazipokea na kuzihifadhi kwenye jalada lake, mradi useme nani alisimulia na wapi. Ombi lisilo na kiambatisho hurudishwa bila kujadiliwa. Nakala iliyochezewa humfungia mwombaji chumba cha nyaraka kwa miezi 6, na rufaa huandikwa kwa mkuu wa kitengo, si kwa mhudumu wa mapokezi.